Kiti cha Nyuma, Upande wa Kushoto

Nilifuta namba kabla sijazisoma. Nianze na hilo, maana huko mbele nitatafuta visingizio, na nisingependa mnionee huruma mapema.

Kwa asiyejua kazi yetu: gari la siku hizi lina kompyuta yake, boksi dogo lililojificha nyuma ya dashibodi, na kazi yake mojawapo ni umbea. Waya ukilegea au sensa ikifa, inaandika namba ya ubovu ule na kuwasha taa ya njano mbele ya dereva. Fundi anachomeka mashine ya kupimia chini ya usukani, anazisoma namba, anaziandika kwenye karatasi, anautafuta ubovu, anautengeneza, ndipo anafuta. Mimi ni fundi umeme wa magari, Nyakato, Musoma, na wateja wangu nimewahubiria sana jambo hilo. Siku ile gari likiwa langu mwenyewe, nilibonyeza kufuta kwanza. Taa ilikuwa inaniudhi. Nilitaka izime nikale.

Mjue pia kwamba mimi ni mtu wa nyumbani. Nilimaliza kidato cha nne na alama ya fizikia ambayo siitaji mbele ya wateja, nikajifunza umeme kwa fundi mmoja mjini, halafu kazi nikaihamishia uani kwangu ili nisilazimike kutoka. Magari hunifuata. Mke wangu husema siku nikifa hawatahangaika kunisafirisha, watanigeuza tu upande.

Lakini mama yake alikuwa anakaa Butiama, peke yake, na shamba la mtama na ng'ombe watatu, na macho yake yalikuwa yanaondoka. Presha ya macho haina kelele. Inakula pembeni kidogo kidogo, na yeye alidhani ni uzee. Tulipomleta kupimwa Musoma, daktari alisema la kulia tulisahau. La kushoto lilikuwa bado linaokoleka, ila kwa upasuaji, na upesi. Wiki mbili mbele wangekuja madaktari bingwa Bunda kwa siku tatu. Alimwandikia karatasi: siku ya tatu, asubuhi.

"Asikose," daktari aliniambia. Aliniambia mimi, si mke wangu, kwa sababu mimi ndiye niliyejitia kusema nina gari.

Ni siku hiyohiyo, tukimrudisha Butiama, gari lilipoanza.

Hapa lazima niwaeleze tulivyokaa. Kwetu mama mkwe humpi mkono, huli mbele yake, hukai palipo na joto lake. Vijana wengi wameacha. Mimi sikuacha, na nikiri si kwa uadilifu, ni kwa woga. Kwa hiyo ndani ya gari mimi nilikuwa kwenye usukani, mke wangu pembeni yangu, na mkwe nyuma kushoto, kona iliyo mbali nami kuliko zote, khanga imevutwa hadi kwenye nyusi. Maneno yake kwangu yalipitia kwa binti yake, na ya kwangu yalirudi kwa njia ileile, ingawa wote watatu tulikuwa tunasikiana vizuri.

Tulipoacha lami kubwa pale Makutano kuelekea kwao, injini ikakata. Taa ya njano ikawaka. Tukashuka, tukasimama kidogo, nikawasha, likawaka. Tukapanda, likaenda, likakata tena. Tulifika hivyohivyo, kwa vituo, kama watu wanaosali njia ya msalaba. Tukirudi Nyakato wawili, mke wangu na mimi, gari halikukohoa hata mara moja.

Nikafika, nikachomeka mashine, nikafuta, nikala.

Zile wiki mbili nililijaribu gari hilo kuliko nilivyowahi kujaribu gari la mteja yeyote. Nilikwenda nalo mpaka Makutano na kurudi, peke yangu, mara tatu, mimi ambaye hata sokoni huagiza. Kando ya ua wetu kuna jirani anayeuza uji na vitumbua, mwanamke asiye na neno analolimeza. Aliponiona natoka mara ya pili aliita, "Fundi! Leo umetoka? Nani kafa?"

"Najaribu gari."

"Jaribu na miguu basi, tuone kama nayo inafanyaga kazi."

Halikuzima hata mara moja. Kompyuta nayo haikuwa na la kusema, maana kumbukumbu yake niliifuta mwenyewe. Nikabaki kubahatisha. Nikaamua ni sensa ya krenki, ile inayoiambia kompyuta kwamba injini inazunguka. Ndiyo mshukiwa wa kila fundi asiyejua. Nikafunga nyingine, nikaenda Makutano mara ya nne, nikarudi nikatangaza limepona. Mashine ya kupimia nikaiacha kabatini. Mgonjwa aliyepona wa nini kumbebea kipimo?

Siku ya upasuaji tulifika Butiama kunakucha. Mkwe alikuwa amekwishajiandaa, ameketi nje na gauni la kanisani, karatasi ya daktari ameitia kwenye mfuko wa nailoni na kuubana kifuani. Akaingia nyuma, kushoto. Alitandika khanga moja kwenye kiti, akaikalia. Nyingine akajifunika.

Hatukufika hata Makutano. Injini ikakata.

Nikafungua boneti. Kwa dakika chache za kwanza nilifanya kazi kama fundi, nataka mnihesabie hilo. Ukifungua swichi kabla ya kupiga starta, pampu ya mafuta huguna kule nyuma, sekunde mbili hivi. Nilifungua swichi, nikatega sikio. Kimya. Nikaangalia fyuzi, nzima. Nikachomoa rilei ya pampu, kile kiswichi kinachoipa umeme, nikaweka ile ya honi mahali pake, kimya bado. Nikapima kwa taa ndogo ya kupimia: umeme ulikuwa unatoka mbele vizuri kabisa. Ukitoka pale unapita chini ya zulia, unakwenda nyuma, unaingia kwenye soketi ya pampu. Na soketi ya pampu, kwenye gari lile, ipo chini ya kiti cha nyuma. Kushoto.

Nilibaki nimeinama juu ya injini nikiangalia vitu visivyo na kosa.

"Tatizo nini?" mke wangu aliuliza.

"Sensa."

"Si ulibadilisha?"

"Hii ni nyingine."

Kutoka ndani ya gari mkwe alisema, "Mwambie mwenzio asijiumize, jua limeanza kuwa kali."

"Mama anasema usijiumize."

"Mwambie mama asante, ni dakika tano tu."

Likapita basi la kwenda Bunda. Mke wangu akainua mkono, nikaushusha. "Dakika tano," nikasema. Likapita la pili, nikasema hivyohivyo. La tatu hakuinua mkono, aliniangalia tu.

Mnaweza kuuliza kwa nini sikusema neno moja tu: mama anyanyuke. Nimejiuliza mimi pia. Maneno yote niliyoyapanga kichwani yalikuwa yanafika mahali ambapo mwanamume anamwambia mkwe wake kwamba ubovu wa gari umo chini yake. Kisha nimpishe atoke, niingie mimi, nipige magoti pale alipokuwa, nikifunue kiti kikiwa bado na joto. Niliona ni afadhali nihangaike na injini.

Baadaye mkwe aliomba kusogea vichakani. Mke wangu akamshika mkono, wakaenda taratibu, kwa kuwa jicho lile moja halikuwa likiona mawe yaliyo pembeni. Nikafungua swichi. Pampu ikaguna, safi.

Hapo nilijua kila kitu. Nilijua kwa nini safari zangu nne za Makutano hazikuonyesha kitu: nilikuwa peke yangu, kiti cha nyuma kitupu. Waya ulikuwa unabonyezwa na mtu akikaa. Nilijua hata nani aliufanya hivyo. Mwaka uliotangulia niliweka swichi ya siri ya kukata pampu, kwa ajili ya wezi, halafu nikaitoa kwa kuwa nilikuwa naisahau mwenyewe. Ule waya niliokuwa nimeukata niliuunganisha kwa kuusokota na kuuzungushia tepu. Bila kuuchomelea kwa risasi, bila kuuvisha mpira. Mteja akinifanyia hivyo kwenye gari lake humcheka mpaka achukie.

Nilikuwa na kama dakika nne. Kiti kile huinuka kwa kuvuta ulimi mmoja tu upande wa mbele. Nilienda mpaka mlangoni, mlango ulikuwa wazi. Khanga yake ilikuwa palepale kwenye kiti, imeingia shimo kidogo katikati alipokuwa amekaa.

Nilinyoosha mkono. Nikaurudisha.

Nikarudi mbele, nikaibamiza boneti kwa nguvu kama mtu aliyemaliza kazi.

"Limepona?" mke wangu aliuliza walipofika.

"Limepona."

"Kweli?"

"We panda."

Labda nilitumaini ataukalia upande mwingine. Hakuukalia. Likawaka naye yumo, likatuvusha Makutano, likaingia lami kubwa, likaenda kwa muda uliotosha mke wangu kuanza kuongea habari nyingine. Halafu likakata. Jua lilikuwa limepanda sana.

Safari hii mke wangu hakuuliza. Alishuka, akasimama katikati ya barabara kabisa, akasimamisha pikapu iliyobeba magunia ya mihogo mikavu. Akamwingiza mama yake mbele kwa dereva, yeye akapanda juu ya magunia. Sikuambiwa kwaheri. Pikapu ilipopotea nikafungua swichi, nikapiga starta, na gari, likiwa na mimi peke yangu, likaenda Bunda kama ndama aliyefunguliwa.

Niliwakuta hospitalini, Manyamanyama, saa tisa kasoro, wamekaa barazani. Madaktari walikuwa wamefunga orodha mchana, na watu walikuwa wanapakia vifaa kwenye magari. Muuguzi alisema waliliita jina lake mara tatu. Alituandikia karatasi nyingine, ya kwenda Mwanza, na tarehe yake ilikuwa baada ya miezi miwili na nusu.

Mke wangu alikuwa anaangalia ukuta.

"Mwambie mwenzio pole na safari," mkwe akasema.

Hakuna aliyeyafikisha hayo maneno. Nilijibu mwenyewe, moja kwa moja, kwa mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake. Nilisema, "Asante, mama." Akavuta khanga.

Kesho yake nilikitoa kile kiti. Ni kazi ya robo saa, ukihesabu na kunawa mikono. Tepu ilikuwa imeyeyuka kuwa gundi, ncha mbili za waya zinagusana kwa shida, na chuma cha kiti kimeacha alama palepale kilipokuwa kikizikandamiza na kuziachanisha. Nikachoma kwa risasi, nikavisha mpira, nikafunga. Halijazima tena mpaka leo. Kama mna gari linalozimika, nileteeni, siku hizi ni hodari sana.

Tulimpeleka Mwanza kwa basi. Daktari wa kule alimsogezea tochi kwenye jicho la kushoto, akamuuliza kama anaona chochote. Mkwe alifikiri, maana si mtu wa kuwavunja watu moyo.

"Nasikia joto lake," alisema.

Ng'ombe tuliwagawa kwa ndugu, shamba akalichukua shemeji, naye tukamhamishia kwetu. Sasa mimi na mama mkwe tunakaa ua mmoja, jambo ambalo wazee wa pande zote mbili hawakulipangia utaratibu. Ananijua kwa kikohozi. Nikipita, anavuta khanga usoni na kugeukia ukuta, ajifiche nisimwone. Mimi nami bado nazungukia nyuma ya jiko. Na wanawake wa jumuiya wakija kusali naye huwaambia, nikiwa nasikia, kwamba mkwe wake ni mtu wa pekee, kwamba siku ile alihangaika juani tangu asubuhi kwa ajili ya macho yake, ila Mungu hakupenda.

Mke wangu nilimweleza kabla ya kuandika haya. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanyanyuka, akaenda kumwogesha mama yake. Hajalitaja tena. Chakula ananipa.

Mtu wa kwanza kumwambia, hata hivyo, hakuwa yeye. Ilikuwa asubuhi moja, nimekwenda kuchukua uji kwa jirani, mkwe ameketi upande wetu wa ua, amegeukia jua. Jirani alimtazama kwa muda, kisha akaniuliza, "Hivi, fundi, ile gari ilikuwaga na shida gani hasa?" Nikaanza na sensa, kwa mazoea. Akaniambia niache sensa. Basi nikamweleza: namba nilizofuta, waya niliousokota, pampu iliyoguna alipotoka, zile dakika nne, khanga juu ya kiti. Nilisema kwa sauti ya chini ili isivuke ua. Alikuwa anakoroga sufuria, na aliendelea kukoroga hadi nilipomaliza. Akanijazia kikombe, akanikabidhi, na hakuishusha sauti yake hata kidogo:

"Kwani ungemwambia mama wa watu anyanyuke, ungekufa?"