Vijiti vya Kioo na Mafuta ya Mbariki

Juzi nilikuwa soko la Ruring'u, napitapita tu kama kawaida yangu, maana mimi kukaa nyumbani na mikono mitupu siwezi, nikakutana na msichana anauza mafuta kwenye vichupa. Akaninusisha. Ati ni mafuta ya nywele, yametoka ng'ambo. Ng'ambo gani! Nilinusa mara moja tu nikajua ni mbariki, yale mafuta mazito ambayo nyanya zetu walikamua kwa mikono yao kabla mama wa huyu msichana hajazaliwa. Nikanunua kichupa, nikarudi nyumbani mbio kama mtu aliyeacha maziwa motoni. Ngoja nikueleze kwa nini.

Miaka ile ya mwanzo ya uhuru mama yangu alitengeneza shanga za kioo. Mwalimu mmoja wa kigeni aliwafundisha akina mama wa kanisani kazi hiyo, kisha akarudi kwao akawaachia vifaa. Wenzake mama walichoka wakarudi kwenye mashamba ya kahawa. Mama hakuchoka. Jikoni kwetu, karibu na mafiga, kulikuwa na meza yake, taa ya spiriti, na mvukuto wa kukanyaga kwa mguu, na mkanyagaji nilikuwa mimi. Mama hushika kijiti cha kioo mkono huu, waya uliopakwa udongo mkono ule, kioo kikilegea kama uji anakizungusha kwenye waya mpaka kiwe ushanga, halafu anauzika kwenye jivu la moto upoe polepole. Jikoni kulinukia spiriti, moshi na githeri ya mahindi na maharagwe inayochemka. Mguu uliniuma, lakini heri kuumwa kuliko kuambiwa nitulie.

Sasa shika hili, maana ndilo lililotutoa jasho. Vijiti vilikuwa vya aina mbili, na vyote havikuwa na rangi, viangavu kama maji ya mto Chania asubuhi. Kioo laini huyeyuka upesi, na ndicho cha shanga. Kioo kigumu ni cha mirija ya maabara, mama alikitumia kuitengenezea shule moja vifaa vilivyovunjika. Ukivichanganya katika ushanga mmoja vitapatana vikiwa vya moto, lakini vikianza kupoa kila kimoja kinavuta kwake, na ushanga unapasuka. Kwa macho hungevijua. Mama alivifunga kwa kamba, nyekundu kwa laini, buluu kwa kigumu, basi.

Mwaka huo dada yangu alikuwa anaolewa Wang'uru, kwenye mashamba ya mpunga. Siku ya mahari mama alisimama mbele ya wakwe akasema mtoto wake hatatoka kwake shingo tupu, atavaa mkufu wa kioo uliotoka mikononi mwa mamake. Wanawake wa Wang'uru wakapiga vigelegele, na neno likishatoka kinywani namna hiyo halirudi. Dada akawa anaota mkufu huo hata mchana.

Wiki ya harusi akaja cucu, mama yake baba, kutoka Gakindu, na kiondo cha nduma, magimbi ya kwetu, mgongoni. Cucu naye hakuwa mtu wa kukaa, nafikiri ugonjwa huu niliurithi kwake. Akaona nduma ni nyingi, bora nyingine aziuze sokoni, lakini hana cha kuzifungia. Akatazama huku na huku, akaona kamba mbili nzuri zimefunga vijiti ambavyo havina safari. Akazifungua, akaenda zake. Jioni alizirudisha, maana alikuwa mtu mwaminifu, akavifunga tena vijiti. Sasa, fungu la nyekundu lilikuwa nene na la buluu jembamba, na cucu hakupenda kitu kisicho sawa. Akavichanganya vyote, akavigawa nusu kwa nusu. Vilipendeza kweli.

Mama hakujua lolote. Kesho yake akakaa kwenye taa, na vijiti vingine vikawa havitaki kulegea. Akasema muuzaji ametia maji kwenye spiriti. "Kanyaga!" Nikakanyaga mpaka nikaona vimulimuli. Alfajiri tukafukua jivu. Shanga zilikuwa zimepasuka, moja baada ya nyingine, na zilizobaki nzima zikawa zinalia tik, tik mkononi mwake. Cucu akachungulia akauliza kwa upole kama si vile vijiti alivyopanga yeye. Ndipo mambo yote yakajulikana.

Mama alimwambia neno moja tu. "Mama, umemharibia mtoto harusi."

Cucu alichukua kiondo chake akaanza kupanga nguo. Na nyanya akiondoka kabla hajambariki bibi harusi, hilo si jambo dogo kwetu. Dada alijifungia chumbani akilia, mama akawa mlangoni anageuza vijiti kwenye mwanga, anavigonga kwa ukucha, anaviuma kwa meno, na mimi nazunguka nyumba, nikitamani mtu yeyote aseme chochote. Moto ungeweza kuvitenganisha, ndiyo, lakini spiriti iliyobaki ilitosha mkufu tu, haikutosha kukijaribu kila kijiti.

Cucu alikuwa amekuja na kibuyu cha mafuta ya mbariki ili ampake bibi harusi shingoni, kama walivyofanyiwa wao. Mama, mtu wa kanisa, alikuwa amekataa mapema, ati mtoto hatasimama madhabahuni ananuka mbariki. Basi cucu, kiondo tayari mgongoni, akaona, kama shingo imekataliwa, atabariki kioo. Akamimina mafuta kwenye bakuli jeupe la enameli, akaanza kuchovya vijiti kimoja kimoja, akinong'ona maneno yake.

Mara akanyamaza. Kijiti alichokishika kilikuwa kimekatikia pale mafuta yalipoanzia. Chini yake hakuna kitu. Uso ukamshuka, maskini, akajua amevunja tena. Akakivuta juu taratibu, na kijiti kikatoka kizima. Akakichovya, kikapotea. Akachukua kingine, hicho kikaonekana wazi mpaka ncha.

Nilicheka kwa sauti nikashindwa kuacha. Mama akaja amekasirika. Akatazama bakuli. Akachukua vijiti viwili, akavitia pamoja, kimoja kikatoweka na kingine kikabaki, akavichoma kidogo ncha kwenye taa. Kilichotoweka kilikuwa kile kigumu. Mama akakaa chini pale pale sakafuni, na kwa muda nilidhani analia.

"Mama," akasema, "niongezee mafuta."

Cucu akaweka kiondo chini, akainamisha kibuyu. Walikaa bega kwa bega mpaka vijiti vyote vikaisha, huyu anachovya, yule anafuta kwa jivu na sabuni. Shanga za safari hiyo zilitoka kwenye jivu kimya. Na asubuhi ya harusi, kabla ya kumfunga dada mkufu, mama mwenyewe alilisogeza bakuli mbele ya cucu. Dada alisimama madhabahuni ananuka mbariki, na mchungaji akapiga chafya.

Sasa jiko lile halipo, pale pamejengwa nyumba ya kupangisha. Mama hayupo, cucu hayupo, na sijui mtu mwingine huku kwetu anayeyeyusha kioo kwa taa. Mimi nimebaki na kijiti kimoja, nakorogea chai.

Juzi basi, nilipofika nyumbani na kichupa changu, nilimimina mafuta kwenye bakuli nikakilaza kijiti ndani. Kikaenda. Nilitazama nikageuza bakuli dirishani, nikainama, nikainuka, hakuna. Nilishikwa na woga wa kijinga kabisa, mtu mzima mimi. Nikampigia dada simu Wang'uru nikamwambia kimepotea, sikioni.

Dada siku hizi anaongea polepole.

"Tia mkono," akaniambia.