Mkono wa Kushoto wa Binti Yangu

Binti yangu alipozaliwa alichelewa kulia, na kabla hajatimiza mwaka tukaona kila kitu anakifikia kwa mkono wa kulia. Wa kushoto aliukunja ngumi kifuani. Baadaye, watu wazima wakimpa kitu walimkemea, "Pokea kwa mikono miwili!" Akazoea kuuficha ndani ya kanga ya mama yake.

Alipofika miaka sita nilishuka naye kutoka Mgeta, tumeketi mbele kwenye lori la kabichi, hadi hospitali mjini Morogoro. Mtaalamu wa mazoezi, dada mwenye sauti ya chini, alitandika mkeka akapanga vitu vya kuchezea: shanga na uzi, mwanasesere wa kuvalishwa, kopo lenye mfuniko. Akaitega simu yake irekodi.

"Nguvu sipimi leo, baba," aliniambia. "Nataka kuona mkono huu unavyomsaidia mwenzake."

"Huu mvivu," binti yangu akasema.

"Si mvivu, mama. Unachelewa kusikia. Tuusubiri."

Kopo likamponyoka, likabingirika. Nikanyoosha mkono nimshikie. Yule dada akanitikisia kichwa. Nikaikalia mikono yangu. Mwanangu akalifuata kwa magoti, akalibana tumboni kwa kifundo cha ule mkono, akazungusha mfuniko, ulimi nje. Ukafunguka. Ndani mlikuwa na peremende.

Kisha tukaitazama video sote watatu. Mahali fulani dada akaisimamisha, akairudisha nyuma. "Tazama vidole vya kushoto."

Nikaona. Kabla ya mkono wa kulia kuligusa kopo, vile vidole vilikuwa vimeshaanza kufunguka, polepole, kana kwamba vinataka kwenda. Miaka yote hiyo sikuwahi kuviona.

"Baba, unalia?"

"Nalia."

"Lakini mimi sijaumia." Akanitia peremende mdomoni.

Tulirudi nyumbani na maagizo: amenye, ashike, afungue mwenyewe. Baada ya masika tukampeleka kupimwa tena. Alama alizopewa kwa jinsi mikono yake inavyosaidiana zilikuwa zimepanda kidogo tu, na asubuhi za baridi vidole bado hukakamaa.

Juzi nilimkuta jikoni akimenya njegere na bibi yake. Mkono wa kushoto umeshika ganda, wa kulia unasukuma punje. Nyingi ziliangukia majivuni. Bibi yake alimsogezea tu bakuli karibu.