Jinsi Pikipiki ya Orrin Ilivyolala Nje

Orrin Skogstad aliendesha kreni bandarini Duluth, kaskazini mwa Marekani, mpaka akastaafu, na katika maisha yake yote hakuwahi kumwomba jirani kitu. Si kwamba hakuhitaji. Alihitaji kama sisi wengine, ila kwao kuomba ni aibu, na kupokea ukipewa ni aibu ndogo kidogo tu. Mtu wa huku akikaribishwa kahawa husema hapana. Akikaribishwa tena husema asisumbuke mtu. Mara ya tatu ndipo anavuta kiti, tena kwa kuguna, kana kwamba kaletwa na polisi. Wote wanaujua mwendo huo na hawaoni ajabu. Mimi nimeishi nao miaka mingi, na bado kuna nyumba natoka na kiu kwa sababu nimekosea kuhesabu.

Shida ya Orrin ilikuwa pikipiki. Ilikuwa kubwa, nyekundu, na juu yake ndiko alikomposa LaVonne, mkewe. Nyumba yao imeng'ang'ania mteremko juu ya ziwa na haina gereji. Miaka yote, kipindi cha baridi, pikipiki ilikuwa ikilala kwenye ghala la rafiki yake wa shamba, lakini rafiki huyo alifariki kiangazi kile na watoto wakauza kila kitu. Majani yalipoanza kupukutika, LaVonne alimkalisha mumewe jikoni.

"Nakwambia mapema, Orrin. Ikilala nje, masika yakifika isiwake, namwita Dwight aje aichukue."

Dwight ni mpwa wake, kijana ambaye hukatakata pikipiki za watu na kuzigeuza viti vya baa.

"Haitalala nje."

"Italala wapi? Kitandani kwetu?"

"Nina mpango, mama."

Mpango wenyewe uliitwa Cleve Tarver. Alikuwa jirani mpya, mtu wa Louisiana, kusini kabisa kwenye joto, aliyehamia nyumba ya pili na mkewe Nadine. Alikuwa na gari moja na gereji ya magari mawili. Orrin aliisukuma pikipiki mpaka mahali ambapo Cleve asingeweza kukosa kuiona, akaanza kuifuta. Aliifuta mpaka ikawa haina tena cha kufutwa, na Cleve akatokea.

"Mzee Orrin! Mnyama huyu unamlaza wapi baridi ikija?"

"Aa, tutaona tu."

"Mlete kwangu, bwana. Nusu ya gereji iko tupu, hata panya hawaitaki."

Moyo wa Orrin uliruka kwa furaha. "Hapana, hapana. Nisikusumbue."

"Haya, sawa," alisema Cleve, akampungia mkono, akaingia ndani.

Orrin alibaki na kitambaa chake mkononi. Alidhani jamaa kaenda kuvaa koti ili arudi kumkaribisha mara ya pili. Aliendelea kufuta. Taa ya sebuleni kwa Cleve ikawaka, kisha televisheni, kisha harufu ya vitunguu ikaanza kutoka.

"Kasema nini?" LaVonne aliuliza Orrin alipoingia jikoni.

"Kanikaribisha. Nikakataa, kama kawaida."

"Halafu?"

"Halafu kaingia ndani."

LaVonne aliuacha mwiko sufuriani. "Kaingia ndani kabisa?"

"Na mlango kafunga."

"Jamani! Hivi huko kwao hawafundishwi?" Kisha akafikiri kidogo. "Basi nenda kamwambie uliitaka hiyo nafasi."

Orrin alimtazama mkewe kana kwamba amemwambia aende kanisani bila suruali.

Badala ya kusema, alianza kudokeza. Huku hawaombi, wanazungumzia hali ya hewa, na mwenye akili anaelewa. Orrin alisimama kwenye uzio akasema upepo wa ziwani mwaka huu unakula vyuma. Cleve akakubali kwamba ni mkali kweli. Siku nyingine akasema gereji ile inaonekana kavu. Cleve akafurahi, akamwingiza ndani, akamwonyesha ilivyo kavu, akamwonyesha hata upande uliokuwa wazi kabisa, safi, umefagiwa. Orrin aliutazama upande ule kwa uchu, akasema, "Pazuri," akaaga. Hasira zilimpanda mpaka akashindwa kula chakula cha jioni, na kilikuwa viazi na nyama ya kusaga, chakula ambacho hakuwahi kukishindwa.

Theluji ya kwanza ikanusa mlangoni, na ikabidi pikipiki ilale uani. Alimwaga oili ya zamani akatia mpya. Alijaza tangi mpaka juu, akatia dawa ya kuzuia petroli isioze. Alichomoa betri akaiweka juu ya cherehani ya LaVonne, akaichomeka kwenye chaji, na LaVonne akaapa kwamba usiku taa yake inamkonyeza. Aliziba bomba la moshi kwa stilwaya, panya wasifanye kiota, akasimamisha matairi juu ya mbao. Mpaka hapo alikuwa fundi. Kisha, kwa kuwa kifuniko cha kitambaa kinachopitisha hewa kilikuwa kimeagizwa dukani lakini hakijafika, naye hakutaka kumsumbua muuzaji kwa kuulizia kimekwama wapi, alichukua turubai la plastiki la bluu, akaizungushia pikipiki nzima, akaikaza kwa kamba. Unyevu wote ukafungiwa humo ndani pamoja nayo.

Halafu Cleve akanunua mashine ya kupuliza theluji.

Alikuwa hajawahi kumiliki kitu kama hicho na alikipenda kama mtoto. Kila theluji ikianguka, alisafisha njia yake, kisha bila kuulizwa akavuka akasafisha ya kina Skogstad, mpaka kwenye ngazi. Ila theluji lazima irushwe mahali, naye aliirusha uani, juu ya kile kifurushi cha bluu, pamoja na chumvi na kokoto za barabarani.

"Anaizika," alisema Orrin dirishani.

"Mfungulie mlango umwambie arushie upande wa pili."

"Nitamwambiaje? Mtu anatusaidia."

Na mashine ilipozimwa, Orrin aliinua kikombe chake dirishani kumshukuru muuaji wa pikipiki yake. Cleve akapunga mkono kwa furaha, akapitisha mashine mara moja zaidi. LaVonne alipompelekea keki za limau, Cleve alizipokea palepale, mara ya kwanza, akala moja akiwa bado mlangoni. Orrin aliposimuliwa hakuamini.

Theluji ilipoyeyuka, pikipiki ilianza kuchomoza, kwanza usukani, kisha kiti. Turubai lilikuwa limechanika na kuganda mwilini mwake. Rimu zilikuwa na kutu, mnyororo ulikuwa umekakamaa, na panya walikuwa wameidharau stilwaya wakajenga kwenye kichujio cha hewa. Orrin alikaa chini kwenye tope akalia kidogo, halafu akafanya kazi siku nyingi. Jumamosi moja LaVonne alitoka na simu mkononi.

"Jaribu, mume wangu. Isipowaka, nampigia Dwight."

Alibonyeza swichi. Injini ikanguruma kidogo ikakata. Betri, baada ya kulelewa kwenye cherehani kipindi chote cha baridi, ilikuwa imechoka. Alibonyeza tena na tena, na LaVonne akaanza kutafuta namba, bila furaha.

"Mzee, nilete waya tuwashie kwa gari langu?" Cleve aliita kutoka ng'ambo ya uzio.

"Hapana, nisi..." Orrin alimwona LaVonne anabonyeza simu. "Ndiyo! Lete! Lete sasa hivi!"

Cleve akaja mbio. Wakaunga waya, Orrin akabonyeza, pikipiki ikakohoa, ikatoa moshi mweusi, ikashika. LaVonne akarudisha simu mfukoni, akamkumbatia mumewe, kisha Cleve, kisha akaenda kuweka kahawa jikoni. Wanaume wawili wakabaki wakicheka kama wehu, na katika furaha ile Orrin akajikuta anasema ukweli.

"Kuwaka kwake ni bahati tu. Niliitaka sana gereji yako, Cleve."

Cleve akaacha kucheka. "Mbona ulikataa?"

"Nilikataa ili unikaribishe tena. Ndivyo tunavyofanya."

"Mimi nilidhani hunitaki." Cleve aliviringisha waya taratibu. "Nilimwambia Nadine, tumejaribu na huyu pia. Kila tunayemkaribisha chakula hapa mtaani anasema hapana. Nikasema basi nitawasafishia theluji, labda watatuzoea. Ukawa unainua kikombe tu dirishani."

"Cleve, mimi..."

"Tumeuza nyumba, mzee. Mwezi ujao tunarudi kwetu. Aliyenunua ni mtu wa hapahapa, mtaelewana."

Orrin alizima injini. Alifungua mdomo aseme kitu kuhusu hali ya hewa, na hali ya hewa haikuja.

"Msiondoke," alisema. "Nakuomba. Msiondoke."

Cleve alimwekea mkono begani, akauacha hapo kwa muda. "Tumeshasaini, mzee wangu," alisema, akachukua waya zake, akaenda kumsaidia Nadine kufunga masanduku.