Usingizi wa Mzee wa Maporomoko

Baba yake binti mmoja wa mji mkuu huongoza wageni kwenye maporomoko mashuhuri ya maji, na anayefanya kazi kando ya maji yale huzoea kupaza sauti ili asikike. Ndiyo maana alipokuja mji mkuu kumtembelea bintiye, aliingia kwenye lifti akanguruma, "Hamjambo humu!" hata mama mmoja akadondosha mkoba. Kila jengo refu alilitazama toka juu mpaka chini: "Refu kweli, mwanangu, lakini halimwagi kitu." Kisha akajipangusa uso kwa kiganja, kana kwamba manyunyu yamemfuata mpaka mjini.

Ila usingizi ulimgomea. "Kimya cha huku ghorofani kinanitisha. Kesho narudi." Binti alinyong'onyea, maana alikuwa amemwomba Mungu mwaka mzima amletee baba. Mchana, mzee akigaagaa kwenye kochi, binti aliingia bafuni, akatega beseni, akafungulia bomba lote. Mvumo ukajaa nyumba. Alipochungulia, mzee alijipangusa uso mara moja tu, akaanza kukoroma kwa sauti ileile ya kwenye lifti. Binti akamshukuru Mungu, akafua kila nguo chafu iliyokuwemo. Zilipokwisha, akagonga mlango wa pili:

"Jirani, niletee na zako. Baba amelala."