Kusindikiza Mpaka Darajani

Miaka ile ya amani ya wasiwasi, Bunia ilipojaa magari meupe na kila mwenye Kifaransa kidogo alikuwa akitafuta kazi ya ukalimani, mimi kazi hiyo nilikuwa nayo tayari, na majivuno yake pia. Nilikuwa mkalimani wa walinda amani. Nilipita kwenye vumbi la bulevari nimekumbatia daftari kifuani, watu wadhani mna siri za serikali. Ndani mlikuwa na maneno magumu ya Kiingereza na hesabu ya nguo nilizopeleka kufuliwa.

Kila Jumanne, ambayo kwetu ni siku ya pili ya juma, watu wa misaada na wanajeshi walikutana kwenye meza moja ndefu. Watu wa misaada hawakutaka bunduki karibu na chakula. Wanajeshi hawakutaka chakula kitoke mjini bila bunduki. Kila upande ulikuwa na haki yake, na ndiyo maana mikutano ilikuwa mirefu. Upande mmoja alisemea mama mmoja mzaliwa wa Mahagi, mpana wa mabega, aliyesimamia malori ya shirika lake na kujua kila shimo la barabara mpaka ziwani. Tulimwita mama wa malori. Upande wa pili alisemea meja mmoja kutoka Asia, mwembamba, mwenye sauti ya chini, aliyekunywa chai ya maziwa kutwa nzima.

Madereva walinitania juu ya wageni wangu wa magari meupe. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na hawa wana miaka. Jembe lao liko wapi? Nilicheka nao. Lakini nasema wazi, maana wengi husahau kulisema: wale watu wawili niliwaheshimu, na mpaka leo nawaheshimu.

Dada yangu mkubwa alikuwa huko kusini, kwenye kambi ndogo ya waliokimbia vijiji vyao, mbele kidogo ya Gety. Alikuwa amejifungua njiani, katikati ya kukimbia. Mtoto alikuwa na miezi minne, na dada alikuwa akila sombe, majani ya muhogo, bila chumvi wala mafuta, maziwa yakaanza kumkauka. Mezani hakuna aliyejua habari hiyo isipokuwa mimi. Kwa hiyo siku ilipoamuliwa kwamba malori manne ya unga, maharagwe na mafuta yaende kule, nilishindwa hata kuandika vizuri.

Nilipewa tangazo nilisome redioni kwa Kiswahili. Kwa Kifaransa lilisema malori yangekuwa na escorte ya askari. Ningeweza kusema ulinzi, lakini kila kundi lenye silaha lilikuwa limejiita walinzi kabla ya kuchukua mbuzi wa watu. Nikatafuta neno la adabu. Nikasema askari watasindikiza malori yanayokuja kambini. Nilitoka studio nimejiona profesa.

Tulipofika kambini hatukumkuta mtu. Magari ya deraya yalitangulia, yakazunguka uwanja, askari wakashuka na kusimama kila pembe. Sufuria zilikuwa bado jikoni, moja ya sombe inachemka yenyewe. Watu wote walikuwa wameingia porini. Tulingoja mpaka saa ambayo malori yalilazimika kurudi kabla giza halijaingia, kisha tukarudi na magunia yetu yote. Mimi nilitazama nje, nikijua kwamba dada yangu alikuwa mahali fulani nyuma ya majani yale, ameziba mdomo wa mtoto.

Siku tatu baadaye muuza samaki wa baiskeli aliniletea ujumbe wa dada. Ulikuwa mfupi. Dada alisema: "Mwambie mudogo yangu, ni yeye alisema kusindikiza."

Niliposikia hivyo nilikaa chini palepale kizingitini. Kwetu, mwenyeji humsindikiza mgeni wake hadi mahali ambapo akigeuka bado anauona mlango wake: kijito, njia panda, mwisho wa shamba. Hapo hugeuka. Anayekufuata mpaka kwako na kuingia ndani hakukusindikiza. Amekufukuza, au amekuhamia. Watu wa kambi walikuwa wamelisikia neno langu wakalielewa vizuri kuliko mimi. Walitegemea askari waishie njiani. Walipoona deraya zinaingia mpaka jikoni, walijua wamedanganywa, na sauti iliyowadanganya ilikuwa yangu.

Jumanne iliyofuata meza iliwaka moto. Mama wa malori alisema askari ndio waliowafukuza wenye njaa. Meja alisema bila askari malori yangechomwa kabla ya nusu ya njia. Nilitafsiri kila upande nikipunguza makali, kama ilivyo desturi ya mkalimani anayetaka watu wasalimiane kesho. Kisha nikafunga daftari. Mkalimani hana maneno yake mwenyewe, hiyo ndiyo sheria ya kazi, na niliogopa kufukuzwa. Nikasema: "Sasa nazungumza mimi. Kosa ni langu."

Nikawaeleza habari ya neno, na ya kijito, na ya mlango. Habari ya dada nayo ikanitoka, ingawa sikuwa nimekusudia. Meja hakunikemea. Alisogeza kikombe pembeni, akavuta ramani, akaniuliza, kama mtu anayeuliza jambo la kijeshi kabisa: mwenyeji wa kule angegeukia wapi?

Nikaweka kidole kwenye daraja la mbao, upande huu wa kambi. Meja akapiga mstari hapo kwa kalamu. Alisema tusibadilishe neno. Yeye ndiye atakayebadilisha mwendo wake ufanane nalo. Nimefanya kazi na wakubwa wengi tangu siku ile, na bado namngoja wa pili wa namna hiyo. Mama wa malori naye akatoa lake: ng'ambo ya daraja amri ingekuwa yake, na hakuna buti lingevuka bila yeye kuita. Wakapeana mkono. Mimi nikarudi redioni kusema upya, safari hii nikitaja daraja.

Siku ya safari kulikuwa na matope. Darajani deraya zilisimama, zikageuka moja moja kwa shida, zikaelekeza pua Bunia. Malori yakavuka peke yake. Nilikuwa kwenye lori la kwanza, kati ya dereva na mama, na la mwisho lilikuwa bado juu ya mbao tuliposikia risasi moja kutoka mlimani.

Nyuma yetu askari walishaanza kuruka chini. Redio ya mama ikaita: meja alikuwa anauliza avuke au asivuke. Nilitafsiri. Nilijua kwamba akivuka, dada yangu hatatoka tena porini, hata tuje na mkate wa mbinguni. Na asipovuka, huenda sisi tusirudi. Mama aliushika mkono wa dereva ili asikanyage mafuta wala breki, akasema:

"Mwambie komanda abakie kule. Siye tunaenda polepole."

Meja alibaki. Nilimwona kwenye kioo, mkono wake umeinuka kuwazuia watu wake, na najua ni amri ngapi za wakubwa wake zilikuwa zinamlemea kwenye mkono ule. Haikupigwa risasi ya pili. Aliyepiga ile ya kwanza simjui mpaka leo.

Kambini walitoka kidogo kidogo. Kwanza bibi mmoja mwenye ungo, kisha watoto, kisha akina mama wote kwa pamoja. Dada alikuja amemfunga mtoto mgongoni kwa kikwembe nilichomnunulia zamani. Alikuwa amekonda sana. Nililia mbele za watu wala sikuona haya.

"Weye na kinywa yako," akaniambia, kisha akanishika shingo asiniachie.

Ugawaji ulipokwisha, malori matupu yalitangulia. Dada alikataa nipande. Alinisindikiza kwa miguu mpaka darajani, gunia la unga akiwa amemwachia jirani, mtoto amelala mgongoni. Sikuamini macho yangu, maana tangu vita hakuwahi kusogelea bunduki kwa hiari. Alikagua deraya zote, zilivyoelekea Bunia. Akageuka nyuma kuhakikisha kwamba moshi wa jiko lake bado unaonekana. Kisha akamtazama meja usoni.

"Mwambie," akasema, "leo mutu wake ni siye tumemusindikiza."

Meja akaniuliza amesema nini. Nilimtafsiria yote isipokuwa neno la mwisho. Hilo nililiacha kwa Kiswahili, kwa sababu tayari alikuwa analijua. Alivua kofia yake ya chuma, akamwinamia dada yangu, na dada akageuka kurudi nyumbani.