Damu ya Pande Mbili

Mvua ilipoanza kunyesha Bukhayo, Alaso alifunga dirisha, akamvisha bintiye soksi mbili mbili, akaanza kusubiri. Baridi haikuwa rafiki wa Cindy. Kwanza mtoto angelalamika vidole, kisha magoti, halafu angelia mpaka sauti imkauke, naye ana miaka sita tu.

Zamani Alaso alikuwa akiuza maharagwe na mtama sokoni Bumala, na kicheko chake kilisikika hadi barabarani. Siku hizi maisha yake yalikuwa jikoni, kitandani na katika wodi ya watoto. Wenzake walimwekea nafasi yake sokoni kwa muda, kisha wakampa mtu mwingine.

Hospitalini walimtajia jina la ugonjwa: selimundu. Chembe za damu zimepinda kama mundu, zinakwama ndani ya mishipa, na zinapokwama mtoto anaumia. Lakini pale bomani ugonjwa ulikuwa na jina lingine.

"Hiyo ni damu ya kwenu Amukura," mama mkwe wake, Selpha, alisema. "Sisi hapa hatujawahi kuona kitu kama hicho."

Majirani nao walimtengea Cindy kikombe, kana kwamba ana surua. Alaso alieleza mpaka akachoka. Huu si ugonjwa wa kuambukizana. Hauambukizwi kwa kikombe wala kwa kulala pamoja. Mtoto amezaliwa nao.

"Kama amezaliwa nao, si umetoka kwako?" Selpha aliuliza.

Alaso hakuwa na pa kwenda. Akirudi kwao Amukura, watu wangesema amekubali kosa. Akibaki, angesikia maneno yale yale kila asubuhi akifagia. Juu ya hayo, mumewe Oundo alitaka mtoto wa pili.

"Sitabeba mimba mpaka upimwe," alimwambia.

Oundo alikuwa mpakuzi wa mizigo pale mpakani Busia, mtu wa mabega mapana ambaye hakuwahi kulazwa. Alicheka, akanuna, mwishowe akaenda. Majibu yalipotoka, muuguzi aliwaketisha pamoja.

"Nyinyi wawili hamuumwi," alisema. "Lakini kila mmoja amebeba nusu. Cindy alichukua ya baba na ya mama."

Walipotoka, Oundo alisimama karibu na geti, hakuita pikipiki.

"Usimwambie mama."

"Kwa nini?"

"Atavunjika moyo. Mimi ndiye mtoto aliyebaki naye."

"Na mimi ninayesemwa miaka hii yote?"

Oundo akaangalia chini. "Wewe umeshazoea."

Alaso alitangulia barabarani. Hapo awali alivumilia matusi akidhani huenda ni ya haki. Sasa aliyajua kuwa uongo, na bado alitakiwa ayameze. Alihisi nyumba imekuwa ndogo, hata akikaa nje uani.

Mvua za Aprili zilimwangusha Cindy tena. Vidole vilivimba, macho yakawa manjano. Selpha alisimama mlangoni, shuka begani.

"Mpeleke kwenu wamtoe hiyo kitu," alisema. "Sisi tumechoka."

Alaso alikuwa akimkanda mtoto magoti. Hakuinua kichwa.

"Mama, Oundo amepimwa. Yeye pia anayo. Muulize, huyo hapo nyuma yako."

Oundo alikuwa amefika na ndoo ya maji. Aliiweka chini taratibu.

"Ni kweli, mama."

Alaso alingoja kelele. Hazikuja. Selpha aliketi ukingoni mwa kitanda, akauchukua mkono wa Cindy uliovimba, akaugeuza upande huu na upande ule.

"Wanangu wawili niliowazika," alisema. "Kabla ya Oundo. Mikono yao ilikuwa hivi hivi."

"Lakini ulisema hamjawahi kuona."

"Ningesema nini? Wakwe zangu waliniambia ni damu ya kwetu." Akasimama ghafla. "Oundo, tafuta pikipiki! Unaangalia nini?"

Yeye mwenyewe ndiye aliyembeba mtoto hadi hospitalini, akiwa amemfunika shuka lake.

Cindy alipata nafuu. Selpha hakuomba msamaha, ila kila Alhamisi sasa hubaki na mjukuu wake, na Alaso huenda Bumala na gunia moja la maharagwe. Anauza huku simu iko kifuani, na ikilia, humwacha mteja akaipokea kwanza. Ile nafasi yake ya zamani hakuipata.

Jioni moja Oundo alimsogelea, akaongea polepole.

"Nimemuuliza yule muuguzi. Kila mimba, bahati mbaya ni moja kati ya nne. Tatu ni nzuri."

Alaso alimtazama Cindy aliyelala katikati yao.

"Na huyu," aliuliza, "unamhesabu wapi?"

Oundo alimvutia mtoto blanketi. Wiki iliyofuata alitaja tena mtoto wa pili.