Povu Chini ya Mabati ya Baba

Kwetu, kwenye shamba letu upande wa Endebess, mvua ikinyesha mazungumzo husimama. Mabati hayana adabu. Mtu hukata maneno katikati, akashika kikombe chake cha chai na kungoja, na mvua ikipungua huendelea palepale alipoachia. Nimeona watu waliokuja kuposa wakikatizwa hivyo. Nimeona hata ugomvi ukingoja mvua iishe, kisha ukaendelea kwa hasira ileile.

Baba alipopata kiharusi, ufundi huo ulimtoka. Sauti yake ilibaki nyembamba, na mvua ikimkatiza, alilokuwa akilisema lilipotea kabisa. Nasi tulikuwa na jambo moja tulilotaka kulisikia kutoka kinywani mwake. Mama tulimzika hapo shambani, karibu na ua. Je, baba naye azikwe wapi? Mimi nilitaka alale kando ya mama. Kaka yangu, anayeishi Bungoma na kuongea kana kwamba ukoo mzima ni wake, alitaka arudishwe kule walikozikwa wazee wetu.

"Bungoma ndio kwetu," aliniambia kila tulipokutana. "Mzee hawezi zikwa kwa shamba ya kununua, ati kama mtu hana watu."

"Si mama amezikwa kwa hiyo shamba ya kununua?" nilimjibu. "Ama yeye hakuwa na watu?"

Kumuuliza baba waziwazi hakukuwezekana. Kwetu mtoto hamuulizi mzazi aliye hai kaburi lake lichimbwe wapi. Anangoja mwenyewe aseme. Na baba alishaanza kusema zaidi ya mara moja: "Siku nikienda, mnipeleke..." Mvua ikashuka. Ilipokatika, alitutazama kama mtu ambaye hajasema neno. Niliilaani mvua hiyo, mimi mtoto wa mkulima wa mahindi.

Basi nikaleta kutoka Kitale mafundi wa kupuliza povu la kuzuia kelele za mabati. Walilipuliza kwa mpira chini ya mabati, likaumuka kama mandazi kwenye mafuta, kisha likakauka na kuwa gumu, likafunika mbao na misumari yote. Mvua ya kwanza iliponyesha tulisikia mnong'ono tu juu yetu. Nilitokwa na machozi ya furaha. Msimu huo wote baba alizungumza: ng'ombe aliyepotelea mlimani, biashara yake ya vitunguu kule Suam, jinsi alivyopigilia mabati hayo kwa mkono wake huku mama akimpa misumari. Alisema kila kitu isipokuwa jambo lile.

Kisha ikaja harufu ya mbao mbichi, na doa jeusi ukutani juu ya kitanda chake. Fundi wa paa alipanda, akakwangua povu kwa panga na kubonyeza mbao kwa kidole. Kidole kikazama. Matundu ya misumari yalikuwa yakivuja tangu zamani, lakini zamani maji yalidondoka, tukatega sufuria, na jua likitoka mbao zikakauka. Sasa povu liliyafungia maji kwenye mbao, na sisi tuliokaa chini hatukuona hata tone.

"Hii paa itawaangukia," fundi alisema. "Na mabati hamtatoa mzima. Hii kitu imeshikana nayo."

Nilimwambia angoje kidogo. Nilitaka mvua moja zaidi, baba amalize maneno yake. Kaka akaja kutoka Bungoma na, kwa mara ya kwanza maishani mwake, akasema jambo la maana.

"Unataka mzee aongee, ama aangukiwe?"

Nikakubali, roho ikiniuma.

Siku ya kuezua tulimketisha baba nje kwa kiti, tukamfunika blanketi. Mabati yalishuka yamepinda na kuchanika, upande wa chini umejaa vipande vya povu. Kabla mafundi hawajamaliza, manyunyu yakaanza. Kaka akachukua turubai la kuanikia mahindi ili amfunike baba. Baba akalisukuma kwa ule mkono wake mzima.

"Si mimi," alisema. "Mama yenu ananyeshewa. Mpelekeeni hiyo."

Nilidhani amesahau kwamba mama alikufa. Lakini alikuwa akilitazama kaburi moja kwa moja, amekasirika, kama alivyokuwa akitukasirikia utotoni tukisahau kuingiza kuni ndani.

Kaka alisimama pale na turubai lake, mvua ikimpiga. Kisha akaenda nalo mpaka kwenye ua, akalitandika juu ya kaburi la mama na kuweka mawe pembeni lisipeperuke. Baba alimfuata kwa macho mpaka jiwe la mwisho.

Kaka aliporudi alikuwa amelowa chapachapa, na hakuweza kunitazama.

"Ni hapo tu, kando yake," alisema. "Watu wa Bungoma nitawaambia mimi mwenyewe."